Sifuri na Pengo: Safari ya Hesabu ya Chanjo Kutoka Zahanati Hadi Kwenye Kompyuta

Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa Kaunti ya Isiolo kuhusu takwimu za afya



Kila mwisho wa mwezi, muuguzi wa zahanati iliyo mbali na mji hufungua rejista ya chanjo, ile inayoitwa MOH 510, na kuanza kuhesabu. Ni watoto wangapi walipata dozi ya kwanza ya chanjo ya penta wakiwa na wiki 6? Wangapi walirudi kwa dozi ya pili wiki ya 10, na wangapi walimaliza ya tatu wiki ya 14? Wangapi walichanjwa surua wakiwa na miezi 9? Jumla hizo huhamishiwa kwenye fomu ya muhtasari, MOH 710. Fomu inafika kwa afisa wa rekodi za afya katika kaunti ndogo, na kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata inatakiwa iwe imeingizwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, KHIS. Kuanzia hapo hakuna karatasi tena. Nambari inahama kutoka programu moja hadi nyingine, na mwananchi haioni ikipita.

Mazungumzo haya yanahusu kipande hicho kisichoonekana. Yana sehemu za kiufundi, lakini asiyewahi kugusa kompyuta anaweza kuyafuata. Kinachozungumzwa hasa ni kama mtoto wa Sericho atahesabiwa au hatahesabiwa.

Isiolo si kaunti ndogo. Eneo lake linapita kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Wadi ni kumi: Wabera, Bulla Pesa, Burat, Ngare Mara, Oldonyiro, Chari, Cherab, Garba Tulla, Kinna na Sericho. Katika nchi ya umbali kama huu, anayepanga ugavi wa chanjo hawezi kuzuru kila kituo kabla ya kuamua gari liende wapi. Anaamua kwa nambari. Nambari ikikosewa, gari lenye masanduku ya baridi linaelekea mahali ambapo chanjo bado ipo, na mahali palipoishiwa panasubiri. Wafanyabiashara wa hapa mjini wanaujua msemo usemao mali bila daftari hupotea bila habari. Chanjo nayo ni mali.

Mfumo wenyewe una historia inayostahili kujulikana. KHIS imejengwa juu ya programu iitwayo DHIS2, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo uendelezaji wake unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliijaribu kwanza Pwani, kisha mwaka 2011 ikaisambaza nchi nzima kupitia intaneti, seva moja ya kati kwa wilaya zote. Wakati huo mataifa mengi yalikuwa bado yanaweka nakala ya programu katika kila ofisi na kubeba faili huku na kule. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa Afrika kuthubutu kufanya hivyo, na uamuzi huo ulitegemea modemu za simu za mkononi kuliko nyaya. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na ulifaulu.

Sasa, ndani ya kompyuta hizo kuna nini? Kuna hifadhidata, yaani majedwali. Jedwali moja la vituo vya afya, jingine la mambo yanayohesabiwa, jingine la vipindi, jingine la hesabu zenyewe. Kila jedwali lina safu, na kila safu ina sheria yake: hii inapokea tarehe tu, hii nambari kamili tu, hii maandishi yasiyozidi herufi kadhaa, hii haiwezi kuachwa wazi. Sheria hizo kwa pamoja huitwa modeli ya hifadhidata. Ndizo zinazozuia mtu kuandika "Jumanne" mahali pa idadi ya watoto.

Hifadhidata haifunguliwi kwa kila mpitaji. Programu nyingine inayotaka kusoma au kuleta data hupitia dirisha, mfano wa dirisha la ofisi ya malipo: unapitisha karatasi yako, karani anaiangalia, anakurudishia jibu, huingii ndani. Kwa waandishi wa programu dirisha hilo ni API. Na kama dirisha lolote la ofisi, lina masharti yake: lete karatasi ya namna gani, ijazwe vipi, sehemu ipi ni ya lazima. Masharti hayo yakiandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuyasoma, huitwa skima.

Madirisha haya yameongezeka umuhimu siku hizi. Mwezi Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua vifaa vya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, pamoja na simu zenye mfumo wa kielektroniki wa afya ya jamii, eCHIS. Mhamasishaji anayetembea kutoka boma hadi boma Oldonyiro hajazi tena kitabu peke yake; anabonyeza simu. Simu hiyo ina hifadhidata yake, iliyopangwa tofauti kabisa na ile ya KHIS. Ili muhtasari wa kazi yake ufike kwenye takwimu za kaunti, programu mbili zilizoandikwa na watu wasiofahamiana lazima zikubaliane juu ya umbo la kila nambari.

Hapo ndipo shida ilipokuwa ikianzia, na bado inaanzia katika miradi mingi. Mwandishi wa programu husoma modeli ya hifadhidata kwa macho, kisha huandika masharti ya dirisha kwa mkono. Mwenzake wa upande wa simu huyasoma masharti hayo na kuyaandika tena, kwa mkono, katika lugha nyingine ya kompyuta. Sasa kuna nakala tatu za ukweli mmoja. Wizara ikirekebisha fomu, ikaongeza chanjo mpya au ikagawa umri kwa namna nyingine, nakala ya kwanza inabadilishwa siku hiyo hiyo, ya pili wiki inayofuata, ya tatu inasahauliwa. Hakuna anayepiga kelele, kwa sababu hakuna kilichovunjika. Nambari zinaendelea kupita, ila zinaingia kwenye kisanduku kisicho chao.

Dawa ya tatizo hili si kuongeza bidii ya watu. Ni kuondoa nakala. Badala ya binadamu kunakili modeli, programu ndogo huisoma modeli yenyewe, jedwali kwa jedwali, safu kwa safu, na kuandika skima ya dirisha pamoja na msimbo wenye aina utakaotumiwa na programu za upande wa pili. Huu ndio uzalishaji wa msimbo. Modeli ikisema safu ya tarehe ya kuzaliwa ni tarehe na ni ya lazima, msimbo unaozalishwa unasema hivyo hivyo. Modeli ikisema jinsia ni moja kati ya majibu yaliyoorodheshwa, msimbo unabeba orodha hiyo na kukataa kingine chochote. Modeli ikibadilika, programu ndogo inaendeshwa upya, na nakala zote zinabadilika pamoja.

Neno "aina" lina kazi kubwa hapa. Katika lugha za kompyuta zinazodai aina, kama Java, au TypeScript ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2012, mwandishi wa programu akijaribu kuweka maandishi mahali pa nambari, kompyuta inagoma kabla programu haijamfikia mtumiaji. Kosa linaonekana mezani pa mwandishi, pengine Nairobi, akiwa na chai yake, badala ya kuonekana miezi mitatu baadaye kwenye ripoti ya Garba Tulla. Anayelipia kosa la mezani ni mwandishi mwenyewe, kwa saa moja ya kazi.

DHIS2 yenyewe inafanya jambo hili kwa njia ya kupendeza. Mfumo umeandikwa kwa Java na kuhifadhi data katika PostgreSQL. Ukiwa umewashwa, unajichunguza: unapitia vitu vyake vyote, kituo, kipengele cha data, fomu, mtumiaji, na kutoa kupitia dirisha lake maelezo ya kila sifa ya kila kitu. Sifa hii jina lake ni hili, aina yake ni hii, ni ya lazima au si ya lazima, urefu wake usizidi hapa, inarejelea kitu kile. Maelezo hayo hayakuandikwa na mtu kando. Yanatoka kwenye modeli ileile inayoendesha mfumo. Programu nyingine inaweza kuyasoma na kujizalishia msimbo wake wenye aina, wa toleo hilohilo la mfumo.

Mpaka hapo kila kitu kinaonekana rahisi. Ugumu uko kwenye jedwali la hesabu zenyewe, na inafaa kukaa hapo kidogo.

Mtu angetarajia safu inayobeba idadi ya watoto waliochanjwa iwe safu ya nambari. Katika DHIS2 sivyo. Jedwali la hesabu lina safu moja ya thamani inayopokea kila kitu, idadi ya watoto, tarehe, ndiyo na hapana, hata maelezo marefu, na safu hiyo ni ya maandishi. Sababu yake ni ya maana: mfumo mmoja unatumika katika nchi nyingi, na kila nchi ina fomu zake, hivyo haiwezekani kujenga jedwali jipya kwa kila fomu. Lakini matokeo yake ni kwamba mzalishaji wa msimbo akilitazama jedwali hilo peke yake ataandika kwa uaminifu kabisa kuwa idadi ya watoto ni "maandishi". Hajakosea. Amesoma kilichoandikwa. Tena amezalisha msimbo usiokinga kitu.

Aina ya kweli iko mahali pengine: kwenye maelezo ya kipengele cha data. Pale, waliotengeneza fomu wanaweza kutamka kuwa dozi ya tatu ya penta ni nambari kamili, sifuri au zaidi. Hapo hakuna mtoto nusu wala watoto hasi watatu. Kwa hiyo uzalishaji mzuri hauishii kwenye majedwali. Unapanda ngazi moja juu, unasoma maelezo ya vipengele, na kuzalisha aina kutoka huko. Mradi usiopanda ngazi hiyo una skima nadhifu isiyo na faida.

Halafu kuna sifuri.

Wafikirieni wauguzi wawili. Wa kwanza, friji ya chanjo ilizima mwezi mzima, na hakumchanja mtoto hata mmoja, anaandika 0. Wa pili alichanja watoto wengi, lakini barabara ilikatwa na mvua na fomu yake haikufika. Kwenye ukurasa wa ripoti visanduku vyote viwili vinaweza kuonekana vitupu. Hii si ajali. Ili kutunza nafasi, DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri, mpaka aliyeweka kipengele hicho aamuru kuwa sifuri yake ina maana na ihifadhiwe. Magonjwa mengi hayana mgonjwa hata mmoja katika mwezi wa kawaida wa zahanati ndogo, na kuhifadhi sifuri zote za nchi nzima kungejaza majedwali bure. Kwa hiyo kuna jedwali la pili, linalosema tu kwamba fomu ya kituo hiki kwa mwezi huu imekamilika. Anayetaka kutofautisha wauguzi wale wawili sharti asome majedwali mawili: thamani haipo na fomu imekamilika, basi ni sifuri, thamani haipo na fomu haijakamilika, basi ni pengo.

Sasa fikirieni programu iliyozalishwa vibaya, isiyojua kuwa thamani inaweza kukosekana. JavaScript, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya kurasa za intaneti, ukiiambia igeuze maandishi matupu kuwa nambari inakurudishia 0, bila onyo lolote. Pengo la muuguzi wa pili limekuwa sifuri. Kiwango cha chanjo cha wadi kinaporomoka kwenye mchoro, na mtu anapigiwa simu ajieleze kwa nini hakufanya kazi aliyoifanya. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Programu inayodhani kila tupu ni fomu iliyochelewa inamsamehe muuguzi wa kwanza, na friji iliyozima inakaa mwezi wa pili bila fundi, watoto wa wiki 14 wakirudishwa nyumbani.

Skima iliyozalishwa kwa uangalifu inalikabili jambo hili moja kwa moja. Inatangaza kuwa thamani hii ni "nambari au hakuna", na lugha yenye aina inamlazimisha mwandishi aandike la kufanya pale ambapo hakuna. Haimpi nafasi ya kusahau. Ni kipengele kidogo sana cha msimbo, pengine alama moja ya kuuliza, lakini thamani yake kwa kaunti yenye barabara kama hizi haina mfano.

Yapo ambayo uzalishaji hauwezi. Hauwezi kujua kuwa Garba Tulla na Garbatulla ni mahali pamoja, wala Bulla Pesa na Bulapesa, wala Oldonyiro na Ol Donyiro. Kwa mashine ni maandishi sahihi yote. Ndiyo maana kila kituo cha afya nchini kina nambari yake katika orodha kuu ya vituo, na DHIS2 huongeza kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 11. Programu zinapaswa kubadilishana vitambulisho, majina yabaki ya kusomwa na watu. Wala hauwezi kujua maana ya kipimo. Mwezi Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kikifika sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa nguvu ya msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikaisoma kwa vipimo vya metriki. Zote zilikuwa nambari. Hapa sokoni hakuna mchuuzi anayekubali "kumi" bila kuambiwa ni kumi za ng'ombe au za mbuzi.

Na lipo ambalo uzalishaji unaweza kulifanya kupita kiasi. Ukiiachia programu ndogo isome kila jedwali na kufungua kila safu dirishani, itafungua pia safu za jina, nambari ya simu, hali ya ugonjwa. Haina haya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na jukumu la kuzilinda ni la anayezishika, si la programu. Utaratibu salama ni kuanza na dirisha lililofungwa, kisha kuorodhesha safu chache zinazoruhusiwa kupita, na orodha hiyo ikaguliwe na mtu mwenye jina na cheo. Wanaofanya kinyume, wakifungua vyote na kuahidi kufunga baadaye, wanacheza na siri za watu.

Jambo moja zaidi, kwa sababu linahusu maeneo yasiyo na mtandao wa kutegemewa. Skima ikibadilishwa Nairobi leo, simu iliyo Cherab bila mtandao kwa siku kadhaa bado inazungumza skima ya jana. Dirisha likikataa karatasi za zamani papo hapo, kazi ya siku hizo zote inagonga mwamba. Kwa hiyo skima huwekewa nambari ya toleo, na toleo la zamani huachwa likifanya kazi kwa muda pembeni ya jipya.

Wakaazi wengi huuliza kama majina yao yako katika KHIS. Ripoti za mwezi kama MOH 710 ni jumla tu: watoto wangapi, wapi, mwezi gani. Jina la mtoto linabaki kwenye rejista ya kituo na kwenye kijitabu cha mama na mtoto kilicho nyumbani. Kijitabu hicho kitunzwe, hasa na familia zinazohama na mifugo, kwa sababu muuguzi wa Kinna hawezi kukisia dozi iliyotolewa Merti.

Anayetaka kuona hesabu za wadi yake anayo haki hiyo chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anasaidiwa na afisa kuliandika. Uamuzi unapaswa kutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ni vyema mwombaji ataje kituo, chanjo na miezi anayoitaka, na aombe pia safu inayoonyesha kama fomu ya kila mwezi ilikamilika. Bila safu hiyo hataweza kujua kisanduku kitupu ni sifuri au ni pengo.